Kigezo

Bi Mwanamkasi, mshonaji wa Barabara ya Kumi na Sita,
huniuliza kila nikimpelekea kodi:
"Hivi wewe daktari wa nini hasa?"
Mwaka juzi nilimjibu, wa joto.
Nilisomea jinsi joto linavyotambaa ndani ya chuma,
latoka palipoungua kwenda palipopoa,
taratibu, kama habari ya msiba.
Mwaka jana nikamjibu, wa kipindupindu.
Akabana sindano mdomoni, akanitazama.
"Umehama lini?"

Sikuhama, Bi Mkasi. Mlinganyo ni ule ule.
Nilifuta joto, nikaandika wagonjwa;
nilifuta chuma, nikaandika Ngamiani.

Ofisini tuko wanne na feni moja:
Semvua aliyesomea nyota, leo anahesabu mbu;
Naitapwaki wa uchumi, anaikisia mvua kwa bei ya mkonge;
Hoza wa bahari, anayeapa kuwa wimbi na uvumi
ni ndugu, baba mmoja.
Mkataba wa kila mtu ni miezi ishirini na minne.
Mji huu ulishanena, waja leo, waondoka leo.
Sisi tulitia sahihi tu chini yake.

Masika ile kompyuta ilisema:
siku ya kumi na tisa, Barabara ya Kumi na Nne,
wagonjwa thelathini, ongeza au punguza sita.
Nilikwenda na baiskeli, nikiogopa kuwa sahihi.
Sikukuta hata mmoja.
Mtoto alinionesha kidonda cha goti, basi.
Nikarudi nimefurahi na nimeaibika,
sijui lipi lilitangulia kupanda ngazi.

Siku tatu nikasaka kosa,
nikazichambua desimali kama mchele wa kuazima.
Kisha kodi ikafika.

Bi Mkasi alikuwa ametandaza gazeti juu ya kitambaa,
gazeti lililokatwa umbo la mkono wa gauni.
Mkasi wake haukufuata ukingo wa karatasi,
ulipita nje, vidole viwili.
Nikamwambia, umekosea.
"Kigezo hakili ubwabwa," akasema. "Mwenye gauni anakula."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Na hiyo Kumi na Nne yako,
wanachota maji kwa Mama Zaujia.
Tangu tumbo la kuendesha limchukulie mwanawe
bomba lake halina kufuli.
Hata saa nane za usiku, ingia, jaza, nenda."

Dodoso langu lilikuwa na maswali sitini na moja.
Kaya ngapi. Vyoo vingapi. Kisima mita ngapi kutoka mlangoni.
Hakuna lililouliza
nani anamjazia nani ndoo,
na kwa nini.

Usiku ule nikaongeza herufi, z ndogo, mbele ya mabano.
Thamani yake sijaipata.
Kwa sasa nimeweka vidole viwili.

Sasa ni Mei, zimebaki wiki tano.
Kuna nafasi imetangazwa, nchi ya baridi:
wanataka mtu wa vielelezo, taaluma yoyote,
kazi yenyewe ni moto wa misitu.
Fomu inauliza, kwa maneno mia mbili,
ujuzi wangu unahamishika vipi.
Naandika joto, chuma, wagonjwa, ndoo.
Nafuta ndoo.
Nairudisha.

Bi Mkasi ananipima mabega kwa koti,
chaki sikioni, futi shingoni.
Haulizi tena daktari wa nini.
Anauliza huko wanakula nini,
ajue aache kiasi gani kwenye mshono.

Atakayerithi meza yangu atafungua faili,
ataikuta z, ataiona uchafu, atataka kuifuta.
Nimemwandikia pembeni:
Kwanza nenda Barabara ya Kumi na Nne, mlango wa kijani,
kabla ya adhuhuri.
Beba ndoo.